Ninawezaje kuwafundisha watoto habari za Wamohawk bila kuishia kwenye mtindo wa nywele?

Mwalimu wa Katuba

Ndugu wasomaji, salamu kutoka Lubumbashi. Kila Jumamosi alasiri, katika chumba cha nyuma cha parokia moja hapa Katuba, ninakaa na watoto wapatao ishirini wenye umri wa miaka kumi hadi kumi na minne. Tunasoma, tunachora, na kila mwezi tunachagua taifa moja la mbali ili tulifahamu zaidi ya jina lake. Mwezi huu taifa lilijichagua lenyewe. Mvulana mmoja aliingia akiwa amenyolewa pande zote mbili za kichwa, katikati umeachwa mstari wa nywele uliosimama kama upanga wa jogoo, na wenzake walipomcheka akajitetea kwamba hiyo ndiyo irokwa, kinyozi mwenyewe amemhakikishia kuwa ni nywele za mashujaa wa Marekani. Hapo msichana aliyekaa karibu na dirisha akauliza: "Hao Wairokwa bado wapo, au walikwisha?"

Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha, kwa hiyo nikaomba muda. Tangu siku hiyo nimefahamu kwamba "Irokwa" ni jina walilopewa na wengine, na kwamba wenyewe hujiita Haudenosaunee, yaani watu wa nyumba ndefu. Ni muungano wa mataifa matano, Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca, ambayo yalifikia sita walipopokelewa Watuscarora mwaka 1722. Wamohawk walikaa upande wa mashariki, katika bonde la mto uitwao kwa jina lao katika jimbo la leo la New York, na kwa sababu hiyo huitwa walinzi wa mlango wa mashariki. Msichana wangu nitamjibu kwamba wapo: wako Kahnawake na Kanesatake karibu na Montréal, wako Akwesasne, wako Tyendinaga, na wako kwenye Mto Grand karibu na mji wa Brantford nchini Kanada.

Ninachowaomba ni ushauri wa namna ya kuyapanga haya. Nianzie wapi ili watoto wasibaki na picha ya manyoya na mashoka? Ni maisha ya nani yanafaa kusimuliwa? Tena kuna jambo nililoambiwa na jirani, kwamba Wamohawk hawaogopi kupanda juu kwa kuwa wamezaliwa hivyo, na ndiyo maana walijenga maghorofa ya New York. Je, niwaambie watoto hivyo?

Mlamba wa Kisanga

Mwalimu, nami nakusalimu. Mimi ningeanzia ndani ya nyumba. Nyumba ndefu ilijengwa kwa miti iliyopindwa na kufunikwa magome, moto ukiwa umepangwa katikati kutoka mwanzo hadi mwisho, na familia zikikaa kulia na kushoto mwa kila moto. Swali la kuwauliza watoto wako ni hili: nyumba hiyo ilikuwa ya nani? Wengi watasema ya baba. Haikuwa ya baba. Ilikuwa ya ukoo wa mama, na mwanamume alipooa ndiye aliyehamia kwa wakwe zake, huku watoto wote wakihesabiwa kuwa wa ukoo wa mama yao.

Kwa mtoto wa Kiluba jambo hili linaweza kuwa geni, lakini katika darasa lako la Katuba hawakosi watoto wa Kibemba na wa Kilamba, na hao hawatashangaa hata kidogo, kwa sababu kwetu sisi pia mtoto hufuata ukoo wa mama na ujomba una uzito wake. Koo za Wamohawk ni tatu: Kasa, Mbwamwitu na Dubu. Wabemba wana Bena Ng'andu, watu wa mamba, ambao ndio ukoo wa kifalme, na sisi Walamba ukoo wetu wa utawala ni Bena Mishishi, yaani watu wa nywele. (Mwambie huyo mvulana wa irokwa habari hii, atafurahi.)

Katika baraza la Haudenosaunee wanakaa machifu hamsini, na kati yao Wamohawk wana tisa, watatu kwa kila ukoo. Chifu hajichagui, wala hapigiwi kura barabarani. Anateuliwa na mama wa ukoo baada ya kushauriana na watu wake, kisha mama huyohuyo humchunga. Chifu akipotoka huonywa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na asiposikia huvuliwa pembe. Ninasema pembe kwa sababu alama ya uchifu wao ni pembe za paa dume, na kumwondoa mtu madarakani kwao ni kumwondolea hizo pembe. Wachezesheni watoto baraza hilo, wasichana wakiwa na kazi ya kuteua na kuvua, na nina hakika hawatalisahau.

Kuhusu jina: wenyewe hujiita Kanien'kehá:ka, watu wa mahali pa gumegume, lile jiwe gumu la kuwashia moto na kuchongea ncha za mishale. "Mohawk" lilitoka kwa majirani waliokuwa maadui wao, na maana yake ni wala watu. Kila mtoto aliyewahi kubandikwa jina la utani shuleni ataelewa tofauti ya majina hayo mawili bila maelezo zaidi.

Na nywele zenyewe, kwa kuwa ndizo zilizoleta mjadala: wanaume wa Kimohawk wa zamani hawakuacha mstari mrefu kutoka usoni hadi kisogoni. Waling'oa nywele na kubakiza fungu dogo upande wa nyuma wa utosi. Huo mstari anaouuza kinyozi wa Katuba unafanana zaidi na wa Wapawnee, taifa jingine la mbali kabisa na hapo, na ulienezwa na sinema, na askari wa miavuli wa Marekani wa Vita vya Pili vya Dunia, na baadaye na wanamuziki wa panki.

Msomaji wa Kamalondo

Ninakubaliana na Mzee wa Kisanga kuhusu nyumba, ila mimi ningeingia kwa mlango mwingine, kupitia kitu ambacho watoto wa Katanga wanaweza kukishika mkononi.

Wamohawk na ndugu zao hawakuandika mikataba yao kwa wino. Walisuka mikanda ya wampum, yaani ushanga mdogo wa mrija uliochongwa kutoka kwa kombe za baharini, mweupe na wa zambarau, huo wa zambarau ukitoka kwenye sehemu ndogo tu ya kombe moja la pwani ya Atlantiki, na kwa hiyo ukiwa mgumu kupatikana. Kila mkanda una maneno yake. Anayeutunza hausomi kama tunavyosoma gazeti, herufi baada ya herufi. Anaushika, anaufuata kwa macho na kwa vidole, na kumbukumbu aliyokabidhiwa na wazee inatoka mdomoni mwake kwa mpangilio uleule.

Sasa, Mwalimu, hapa kwetu Waluba walikuwa na lukasa. Ni ubao mdogo wa mti, mwembamba katikati, uliopachikwa shanga na makombe, ambao mtu wa chama cha Mbudye aliushika kwa mkono wa kushoto na kuupitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya kila ushanga, huku akisimulia asili ya wafalme, safari zao na mahali patakatifu pa nchi. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa chifu na watu wake, na mstari wa shanga unaweza kuwa njia. Mtoto aliyeona lukasa hawezi tena kukubali kwamba watu wasio na herufi hawakuwa na historia, na atauelewa mkanda wa wampum kabla hujamaliza kuueleza.

Lakini fananisha kwa uangalifu. Lukasa ni ya kumbukumbu ya ufalme na inashikwa na chama cha siri. Wampum ni hiyo kumbukumbu, na pia ni neno linalotolewa kwa mtu mwingine: anayekabidhi mkanda anafunga ahadi, na ahadi isiyosindikizwa na wampum ilionekana kuwa maneno matupu. Wazungu walipoanza kuitumia kama fedha waliibadilisha kazi yake, kama vile misalaba yetu ya shaba inavyoitwa sarafu tu na watu waliosahau kwamba ilitumika pia katika mahari.

Chukua mikanda miwili tu. Wa kwanza ni mkanda wa Hiawatha, wa zambarau, wenye miraba minne myeupe na mti katikati, vyote vikiwa vimeunganishwa kwa mstari. Mti huo ni Onondaga, mahali moto wa baraza unapowaka, na mraba wa ukingoni upande wa mashariki ni Wamohawk. Hapo utasimulia jinsi Mleta Amani alivyopita kati ya mataifa yaliyokuwa yakiuana, akisaidiwa na Hiawatha, mtu ambaye, kwa masimulizi yao, alifiwa na binti zake hadi akaacha kukaa na watu. Alitunga shanga katika nyuzi ili zimfariji, akisema kwamba akimkuta mwingine mwenye msiba kama wake angemfariji kwa maneno ambayo nyuzi hizo zinayabeba, na hata leo chifu anapofariki sherehe ya kumsimika mwingine huanza kwa maneno ya kufuta machozi, kufungua masikio na kusafisha koo la waliofiwa. Mataifa yalipokubaliana, silaha zilizikwa chini ya mti mkubwa wa msonobari mweupe.

Wa pili ni mkanda wa Safu Mbili, unaohusu makubaliano na Waholanzi waliofika katika karne ya 17. Ni mweupe wenye mistari miwili ya zambarau isiyokutana: mmoja ni mtumbwi wa wenyeji, mwingine ni meli ya wageni, vyote vikisafiri katika mto mmoja, na hakuna anayeshika usukani wa mwenzake.

Wape watoto mbegu, uzi na saa moja. Kila mmoja atunge ahadi yake kwa jirani na awe tayari kuisoma mbele ya wengine Jumamosi inayofuata.

Mchomeleaji wa Kampemba

Baba Mwalimu, mimi si mtu wa vitabu, ninachomelea vyuma, lakini swali la kupanda juu naomba uniachie mimi. Mwambie jirani yako kwamba hakuna mtu aliyezaliwa bila hofu. Wamohawk wenyewe waliofanya kazi hiyo wamesema mara nyingi kwamba wanaogopa kama watu wote, ila wamejifunza kufanya kazi huku wakiogopa. Ukiwaambia watoto kwamba ni mambo ya damu, unawanyang'anya wale watu ufundi wao.

Ilianza mwaka 1886, kampuni ya reli ilipotaka kujenga daraja juu ya Mto St. Lawrence kwa kupitia ardhi ya Kahnawake. Sharti likawa wenyeji wapewe ajira. Waliwekwa kwenye kazi za chini za kubeba mawe, lakini vijana wakawa wanapanda kwenye vyuma kila walipopata nafasi, wakajifunza, na ufundi ukaanza kupita kutoka kwa baba na mjomba kwenda kwa mwana.

Wakati ule vyuma viliunganishwa kwa ribiti, yaani misumari minene ya chuma inayopondwa kichwa ikiwa moto, kabla ya uchomeleaji wetu wa leo, na kundi lilikuwa la watu wanne. Mmoja anapasha ribiti motoni hadi iwe nyekundu, kisha anaichukua kwa koleo na kuirusha hewani. Wa pili anaidaka kwa mkebe akiwa amesimama juu ya ubao, anaitia tunduni. Wa tatu anakandamiza kichwa chake upande mmoja, na wa nne anaiponda kwa nyundo ya hewa upande wa pili kabla haijapoa. Mara nyingi wanne hao walikuwa ndugu au shemeji. Nilipolisoma hilo nililielewa mara moja, kwa sababu na mimi sipandi jukwaani na mtu nisiyemwamini kushika ngazi.

Tarehe 29 Agosti 1907, saa za jioni kazi ikikaribia kwisha, daraja la Québec lililokuwa likijengwa lilianguka mtoni. Walikufa watu 75, na 33 kati yao walikuwa wa Kahnawake, kijiji kimoja. Urefu wa daraja ulikuwa umeongezwa kwenye michoro bila uzito wake kuhesabiwa upya, na wiki kadhaa kabla ya ajali mafundi walikuwa wameona nguzo za chini zimeanza kupinda. Amri ya kusimamisha kazi haikufika kwa wakati. Makaburini Kahnawake waliweka misalaba iliyotengenezwa kwa vyuma vya ujenzi.

Baada ya hapo wanawake wa Kahnawake walikataa wanaume wao wote wafanye kazi katika daraja moja. Hawakuwakataza kazi, waliwataka watawanyike. Ndivyo walivyofika katika miji mingi zaidi, na baadaye New York, ambako walishiriki kujenga majengo kama Empire State, na familia zao zikakaa mitaa michache ya Brooklyn hata ikaitwa Caughnawaga Ndogo, kwa tahajia ya zamani ya Kahnawake. Wengine waliendesha gari karibu kilomita 600 kurudi nyumbani kila mwisho wa wiki. Mzee wa Kisanga ametueleza mama wa ukoo ni nani, nami naona kwamba uamuzi ule wa 1907 ulitoka katika mamlaka hayohayo.

Mama wa Katekesi, Ruashi

Mwalimu, kwa kuwa mnakutana parokiani, usimwache Kateri Tekakwitha. Alizaliwa mwaka 1656 katika kijiji cha Kimohawk, baba yake akiwa chifu na mama yake Mualgonkini Mkristo. Ndui ikawachukua wazazi wake na mdogo wake wa kiume, naye ikamwachia makovu usoni na macho yasiyovumilia mwanga, hata jina Tekakwitha hufasiriwa na wengi kuwa ni yule anayepapasa njia mbele yake. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1676, mwaka uliofuata akakimbilia misheni ya Kahnawake, na akafa mwaka 1680 akiwa na miaka 24. Alitangazwa mwenye heri mwaka 1980, miaka mitano kabla ya Anuarite, sista wetu wa Kongo, na mtakatifu tarehe 21 Oktoba 2012. Watoto wanamjua Anuarite, kwa hiyo mahali pa kumweka Kateri mioyoni mwao tayari papo.

Ila usimsimulie peke yake, kana kwamba Mmohawk mwema ni yule tu aliyebatizwa. Mweke karibu na Joseph Brant, Thayendanegea, aliyepigana upande wa Waingereza katika vita vya uhuru wa Marekani, akapoteza nchi ya mababu pamoja na watu wake, na mwaka 1784 wakapewa ardhi kwenye Mto Grand. Mji wa Brantford una jina lake. Mweke pia karibu na Pauline Johnson, Tekahionwake, aliyezaliwa hukohuko mwaka 1861, mshairi aliyepanda jukwaani nusu ya kwanza akiwa na vazi la ngozi na nusu ya pili akiwa na gauni la jioni la Kiingereza, akiwaacha wasikilizaji waamue wenyewe yupi kati ya hao wawili ni yeye. Na Oronhyatekha, aliyesomea udaktari Toronto katika miaka ya 1860, ambaye habari zake zinanileta kwenye jambo zito.

Huyo Oronhyatekha alipitia Taasisi ya Mohawk ya Brantford, shule ya bweni ambamo watoto wa wenyeji walitenganishwa na wazazi na kuadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Ilifungwa mwaka 1970. Watoto waliipa jina la Shimo la Uji, kwa sababu ya uji waliolishwa kila siku. Waambie watoto hilo, Mwalimu.

Mlamba wa Kisanga

Mama, kwa heshima yote, mtoto wa miaka kumi ana haja gani ya kulala na habari hizo? Na hata ya mwaka 1990, pale Kanesatake walipozuia njia siku 78 ili uwanja wa gofu usipanuliwe hadi kwenye misonobari na makaburi yao, jeshi likaletwa, ningeiacha kwa walio wakubwa.

Mama wa Katekesi, Ruashi

Mzee wangu, watoto wa Lubumbashi wanaujua uji wa shule, na wengi wetu tulivishwa alama shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili darasani. Hawatalala vibaya kuliko tulivyolala sisi. Ninachokubali ni kwamba asiishie hapo. Awaambie pia kwamba mwaka 1979 wazazi wa Akwesasne walianzisha shule yao wenyewe ya kufundisha kwa Kimohawk, na kwamba katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa Kimohawk kutoka Akwesasne walitumia lugha hiyohiyo kupeleka ujumbe ambao adui hakuweza kuufumbua. Wa mwisho wao, Levi Oakes, alifariki mwaka 2019.

Mwalimu wa Katuba

Ndugu zangu, nimerudi kuwashukuru na kuwapa habari za Jumamosi.

Nilianza na nyumba, kama Mzee alivyoshauri, na baraza likachukua muda kuliko nilivyopanga, kwa sababu wasichana walimvua pembe chifu wa kwanza kabla hajamaliza kuketi. Kuhusu Akwesasne, ambalo maana yake ni mahali kwale anapopiga ngoma, niliwachorea mpaka wa Kanada na Marekani ukipita katikati ya jamii moja, na kabla sijaeleza mkataba wa mwaka 1794 uliowatambulia wenyeji haki ya kuvuka, mtoto mmoja alisema: "Kama Kasumbalesa, mpakani kwetu na Zambia, ambako bibi yangu ana dada zake upande wa pili." Sikuongeza neno. Habari za bweni nilizitoa kwa ufupi, na za mwaka 1990 nimeziweka mpaka mwezi ujao, kwa hiyo Mzee na Mama mmegawana.

Kilichowashika zaidi ni kitu ambacho hakuna kati yenu aliyekitaja, nami nilikikuta nikisoma habari za lugha yao. Kimohawk huandikwa kwa herufi kumi na mbili tu, na hakina sauti ya m, b wala p, yaani mtu anaweza kusema siku nzima bila kukutanisha midomo. Kateri ni Catherine, na Maria huitwa Wári. Niliwaambia watoto waseme sentensi yoyote ya Kiswahili bila kufunga midomo. Kukawa kimya. Mmoja alijaribu kuita mama, ikatoka "awa". Mwingine, ambaye jina lake limejaa m na b, alishindwa kabisa kujitaja, akabaki ameachama huku wenzake wakicheka, na yule mvulana wa irokwa ndiye aliyegundua kwamba "tu" na "sisi" zinawezekana. Nikawaandikia ubaoni ista, ambalo ndilo neno lao la mama, wakalisoma wote pamoja.

Msichana wa dirishani ameuliza swali jipya: mtoto wa Kimohawk akija kwetu, ataweza kusema "bukari", yaani ugali wetu wa mahindi? Nimemwambia kwamba b itamsumbua, lakini chakula chenyewe atakitambua, kwa kuwa mahindi, maharage na maboga ndio Dada Watatu wa shamba lao, ambapo hindi humpa haragwe mahali pa kukwea, haragwe hurutubisha udongo, na majani ya boga hufunika ardhi isikauke wala kuota magugu. Jumamosi ijayo tutachimba vishimo nyuma ya parokia. Mwenye mbegu za kibwabwa, yaani boga la kuliwa majani, anijulishe, tafadhali.